Kicheko cha Kuazima

Mwaka 1985 mwanamama wa Kifaransa, Coline Serreau, alitoa filamu ya kuchekesha iitwayo Trois hommes et un couffin. Kisa chake ni chepesi. Wanaume watatu wasio na wake wanakaa nyumba moja mjini Paris, kila mmoja na starehe zake, hadi siku moja wanapokuta mtoto mchanga ameachwa mlangoni ndani ya kikapu. Hawajui kumfunga nepi, hawajui maziwa gani ya kununua, na usiku hawalali. Wafaransa walikata tiketi zaidi ya milioni 10 kwenda kuitazama. Ilipofika mwaka 1987 Wamarekani walikuwa wamekwisha kuitengeneza upya kwa jina la Three Men and a Baby, ikiongozwa na Leonard Nimoy, na mwaka huo hakuna filamu iliyochuma fedha nyingi zaidi yake katika majumba ya sinema ya Marekani.

Miaka miwili tu! Hata kitabu cha hesabu cha darasa la tatu hukaa zaidi ya hapo kabla hakijabadilishwa jalada. Filamu ya Wafaransa ilikuwa bado mbichi, rangi zake safi, wachezaji wake hai. Hapakuwa na kitu kilichochakaa ndani yake. Mtu akiniambia kwamba mchezo wa miaka 80 iliyopita unahitaji kushonwa upya, nitamsikiliza. Lakini kukishona upya kitambaa kilichotoka dukani jana, na kumlipa fundi mamilioni ya dola kwa kazi hiyo, ni jambo linalotaka maelezo.

Mjukuu wangu mmoja, ambaye hujua kupata kila kitu, aliniletea filamu zote mbili, nikazitazama usiku wa siku mbili mfululizo. Ile ya Kifaransa ina maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na kwa macho ya umri wangu ilinibidi nisogeze kiti. Mjukuu alitazama pamoja nami. Yeye alicheka zaidi ile ya Kimarekani. Mimi nilicheka zaidi ile ya kwanza. Tukabishana hadi chai ikapoa. Hoja zake hazikuwa za kupuuzwa, na nitazirudia hapa chini.

Kwanza tuseme ukweli wa kihistoria: kuazima kicheko ni kazi ya kale sana. Plautus, mtunzi wa michezo wa Kirumi aliyefariki mwaka 184 kabla ya Kristo, alichukua michezo ya Wayunani mmoja baada ya mwingine akaigeuza kuwa ya Kilatini. Wala hakuficha. Katika utangulizi wa baadhi ya michezo yake huwaambia watazamaji kwamba mchezo huu ni wa Myunani fulani, na yeye Plautus ameugeuza katika lugha ya washenzi, yaani lugha yao wenyewe Warumi! Mtu anayeweza kujitania hivyo mbele ya watu wake anajua anachokifanya. Baadaye Molière, Mfaransa, alichukua kutoka kwa Plautus yule mzee bahili aliyefukia chungu cha dhahabu, na mwaka 1668 akamfanya kuwa Harpagon wa L'Avare. Hakuna anayesema Molière alipoteza wakati wake.

Na sisi tusijifanye wageni wa biashara hii. Abunuwasi wetu, tuliyemsoma shuleni katika Hekaya za Abunuwas, asili yake ni Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad wa zama za Harun al-Rashid. Alipovuka bahari na majahazi akafika pwani yetu aliuacha ushairi, akawa mjanja wa mtaani. Visa vingi tunavyovisimulia juu yake husimuliwa na Waarabu juu ya Juha, na na Waturuki juu ya Nasreddin. Kile kisa cha sufuria iliyoazimwa ikarudishwa pamoja na kisufuria kidogo, eti imezaa, kimesafiri nchi nyingi kuliko mabaharia. Kila kilipofika kilivaa nguo za wenyeji, na wenyeji walidhani ni chao.

Huko Marekani kwenyewe uko mfano mkubwa. Some Like It Hot ya Billy Wilder, ya mwaka 1959, huhesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa vichekesho bora kupita vyote vilivyopata kutengenezwa Hollywood. Wachache hukumbuka kwamba ni filamu ya kuazima. Wafaransa walitoa Fanfare d'amour mwaka 1935, Wajerumani wakaifanya Fanfaren der Liebe mwaka 1951, ndipo Wilder akaichukua. Katika ile ya Kijerumani wanamuziki wawili wasio na kazi wanavaa nguo za kike ili waajiriwe katika bendi ya wanawake. Njaa ndiyo inayowasukuma. Wilder aliona kwamba njaa peke yake haitoshi: mtu mwenye njaa anaweza kuvua gauni wakati wowote akatafute kibarua kingine. Basi akawapeleka Chicago ya mwaka 1929, akawafanya washuhudie majambazi wakiwaua wenzao kwa risasi. Sasa wakivua gauni wanakufa. Mabadiliko hayo moja yalikipa kisa uti wa mgongo, na tena yalikifanya kuwa kisa cha Marekani hasa, cha zama zao za pombe ya magendo. Wilder, Myahudi aliyezaliwa katika Dola ya Austria-Hungaria na kukimbia Berlin mwaka 1933, alikuwa na la kusema kuhusu watu wanaojificha ili waishi.

Hiyo ndiyo sufuria iliyozaa. Swali langu ni juu ya zile zinazorudi tupu, au zinazorudi na tundu.

Chukua Le Jouet, filamu ya Francis Veber ya mwaka 1976. Mwandishi wa habari aliyekaa muda mrefu bila kazi anaajiriwa na gazeti la tajiri mmoja. Siku moja mtoto wa tajiri anapelekwa dukani kuchagua mwanasesere, na mtoto anamwonyesha kidole yule mwandishi: nataka huyu. Naye anakubali, kwa kuwa anaogopa kurudi katika ukosefu wa kazi. Ni filamu ya kuchekesha, lakini ndani yake mna uchungu wa kila mfanyakazi aliyewahi kumeza mate mbele ya tajiri. Wamarekani waliitengeneza upya mwaka 1982 kwa jina la The Toy. Wakaipeleka Louisiana, jimbo la kusini, na mahali pa yule mwandishi wakamweka Richard Pryor, Mmarekani mweusi, mchekeshaji hodari kweli. Sasa tajiri wa kizungu anamnunulia mwanawe mtu mweusi, katika nchi ya mashamba ya miwa na pamba. Msomaji wa Unguja, ambako soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, hahitaji kuelezwa picha hiyo inamaanisha nini. Kama mtengenezaji angeikabili, angepata filamu kali kuliko ya Veber. Badala yake inaligusa jambo hilo kwa mzaha mdogo, kisha inakimbilia kuangushana kwenye maji. Sioni kosa katika kumweka mtu mweusi hapo. Kosa ni kumweka kisha kujifanya kwamba hakuna kilichobadilika.

Veber huyohuyo amekopwa kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua. Les Fugitifs yake ya mwaka 1986 ilitengenezwa upya Marekani mwaka 1989, naye mwenyewe ndiye aliyeiongoza, kana kwamba mpishi ameitwa kupika chakula kilekile kwa jirani kwa kuwa jirani hataki kuvuka barabara. Lakini mfano unaofundisha zaidi ni Le Dîner de cons ya mwaka 1998, ambayo Wafaransa waliikatia tiketi zaidi ya milioni 9. Kundi la watu wenye uwezo hufanya karamu, kila mmoja akamleta mjinga aliyemvumbua ili wamcheke. Brochant, mchapishaji vitabu, amempata bwana mmoja mpole anayejenga sanamu za majengo kwa njiti za viberiti. Kabla hawajaondoka Brochant anaumia mgongo. Usiku kucha yumo ndani ya nyumba yake pamoja na mgeni wake, na kila msaada wa mgeni huyo unabomoa sehemu nyingine ya maisha ya mwenyeji. Karamu yenyewe hatuioni kamwe. Hapo ndipo penye ufundi wote: tumeketi kumcheka mjinga, kumbe karamu ni sisi, na mjinga anazidi kuwa si yule tuliyeelekezwa.

Wamarekani, katika Dinner for Schmucks ya mwaka 2010, walifanya mambo mawili. Waliionyesha karamu, kirefu, ikiwa imejaa watu wa ajabu wa kila namna. Na walimgeuza yule mwenyeji kuwa kijana mwema ambaye hapendi mchezo huo ila analazimika ili apandishwe cheo. Mjukuu wangu alisema karamu ndiyo sehemu iliyomchekesha zaidi. Naamini. Lakini filamu ya kwanza ilituuliza sisi tunamcheka nani, na ya pili haituulizi kitu. Nimeona tabia hii mara nyingi katika filamu hizi za kutengenezwa upya: mhusika mkuu lazima apendeke tangu mwanzo. Hata wale wanaume watatu wenye kichanga, Paris wanawahadaa polisi na kuyarudisha madawa ya kulevya kwa wenyewe kwa hila ya nepi. New York wanashirikiana na polisi kuwanasa wahalifu. Raia wema wa kupigiwa mfano. Inafurahisha, lakini mwiba umeng'olewa.

Sasa nimpe mjukuu haki yake. Hoja yake ya kwanza ilikuwa kwamba huwezi kucheka huku unasoma. Hoja hiyo ni nzito. Katika filamu ya huzuni maandishi ya chini hayadhuru sana, maana machozi husubiri. Kicheko hakisubiri. Mchezaji anapoanza kusema, sentensi nzima imekwisha kuandikwa chini ya picha. Unasoma mwisho wa mzaha kabla yeye hajaufikia, kisha unamtazama akifungua kinywa kusema jambo unalolijua. Kila aliyepata kusimulia kisa barazani anajua kwamba pumzi moja ikizidi au ikipungua kisa kimekufa.

Hoja yake ya pili ilikuwa kwamba kuchekesha kunahitaji kujua desturi. Na hii pia ni kweli. Kwetu mtani anaweza kufika msibani akajilaza kaburini, akagoma kutoka hadi apewe fedha, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Mgeni asiyejua utani atadhani amemwona mwendawazimu. Vivyo hivyo filamu ya Kiingereza Death at a Funeral, ya mwaka 2007. Kichekesho chake chote kimejengwa juu ya adabu ya Waingereza: watu waliovaa suti nyeusi wanajitahidi kunyamaza, huku siri ya marehemu ikijitokeza kwa mgeni mfupi wa kimo aliyekuja na picha akidai fedha. Kadiri wanavyojizuia ndivyo tunavyocheka. Miaka mitatu tu baadaye, 2010, Wamarekani waliitengeneza upya kwa familia ya Wamarekani weusi, wakiwemo Chris Rock na Martin Lawrence. Hapo hapakuwa na kizuizi cha lugha hata kidogo. Zote mbili ni Kiingereza, na Peter Dinklage amecheza yule mgeni mwenye siri katika zote mbili! Lakini walihamisha matukio bila kuhamisha desturi. Mazishi ya Wamarekani weusi yana nguvu zake, nyimbo zake, mahubiri yake, kilio chake cha wazi. Humo mna vichekesho vingi ambavyo Mwingereza hawezi kuviota. Filamu ilivipita karibu vyote, ikashika njia ileile ya Waingereza hatua kwa hatua, na wachezaji wale hodari wakabaki kama watu waliovalishwa koti la jirani.

Kwa hiyo hoja za mjukuu zinathibitisha kwamba kicheko ni kigumu kuhamisha. Hazithibitishi kwamba watazamaji hawawezi kukifuata kilipo. Hapa nina la kusema kwa mtazamo wa nchi hii, maana sisi tuliwahi kuamuliwa hivyohivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York. Walitengeneza filamu za kuweka akiba Posta, za minyoo ya safura, na kadhalika, wakazungusha kwa lori. Imani iliyokuwa nyuma ya kazi hiyo ni kwamba Mwafrika anataka filamu zake za pekee, za mwendo wa polepole, zenye sura na mazingira anayoyajua. Zile za wengine zitampita au zitamharibu. Na hali mwaka 1929 Julian Huxley alikuwa amepita Afrika Mashariki akiwaonyesha watoto wa shule na watu wazima filamu za kawaida za elimu, akaripoti kwamba walizielewa vizuri.

Jibu la wananchi lilikuja wenyewe. Nilipokuwa kijana katika miaka ya 1960, filamu za Kihindi zilijaza majumba ya sinema Unguja, Tanga na Dar es Salaam, na Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilikuwa bado ikizungumzwa na watu wazima kama habari za ndugu. Hazikuwa na neno la Kiswahili. Aliyeketi nyuma alimweleza jirani yake, wakacheka pamoja, na nyimbo zikaimbwa na watu wasiojua Kihindi. Baadaye, zama za video, Dar es Salaam ilimpata Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyeisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake, akiongeza chumvi na pilipili zake. Hakupiga picha moja upya. Watu walimfuata yeye kama walivyoifuata filamu.

Basi nikisikia kwamba Mmarekani hawezi kucheka mpaka aonyeshwe mitaa yake na sura anazozijua, nakumbuka Vugiri. Safari hii wanaoamua na wanaoamuliwa ni wa nchi moja, lakini dharau ni ileile. Tena mtaji una namna ya kuifanya dharau iwe kweli: ukishanunua haki ya kutengeneza upya, faida yako ni filamu ya kwanza isionekane. Mwaka 1938 Hollywood ilipotoa Algiers, ile Pépé le Moko ya Kifaransa ya mwaka 1937, ambayo ndiyo mama yake, ilizuiwa isionyeshwe Marekani hadi mwaka 1941. Hiyo haikuwa ya kuchekesha, lakini hesabu ni moja.

Nisieleweke kwamba siku hizi hakuna sufuria inayozaa. Mwaka 2014 Wafaransa walitoa La Famille Bélier, habari za msichana anayesikia katika nyumba ya viziwi, ambaye anagundua kwamba ana sauti ya kuimba. Wazazi viziwi walichezwa na watu wanaosikia, na viziwi wengi walichukizwa. Sian Heder, Mmarekani, aliitengeneza upya mwaka 2021 kwa jina la CODA. Aliitoa familia katika ufugaji wa ng'ombe wa maziwa akaipeleka kwenye uvuvi huko Gloucester, Massachusetts, na jukumu la kila kiziwi akampa mchezaji kiziwi. Hapo ndipo mizaha ya nyumbani ilipopata makali, kwa kuwa iliyosemwa kwa mikono ilisemwa na wenye lugha. Mwaka 2022 ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora, na Troy Kotsur, aliyecheza baba, akapata yake. Heder aliona kilichokosekana, akakitia. Kwa kazi ya namna hiyo sina neno, hata kama ingefanyika mwezi uliofuata ile ya kwanza.

Kinyume chake ni Downhill ya mwaka 2020, iliyotokana na Force Majeure ya Msweden Ruben Östlund, ya mwaka 2014. Baba yuko mezani na mkewe na wanawe wawili milimani, theluji inaporomoka, naye anakwapua simu yake na kukimbia, akiwaacha. Hakuna anayeumia. Kinachofuata ni siku za ukimya mbaya, na Östlund anauacha ukimya hadi tunacheka kwa aibu. Filamu yake inakaribia saa mbili. Ya Kimarekani ni dakika 86. Kilichokatwa ni ukimya.

Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Toni Erdmann, filamu ya Mjerumani Maren Ade ya mwaka 2016, nayo itatengenezwa upya Marekani, Jack Nicholson akiwa yule baba anayevaa meno ya bandia na kumfuata binti yake kazini ili amchekeshe. Mwaka uliofuata Nicholson alijitoa. Ile ya Ade ina urefu wa zaidi ya saa mbili na nusu, kwa Kijerumani, maandishi yakiwa chini ya picha. Mjukuu wangu aliianza akiwa amelala kochi; ilipofika pale binti anapoimba mbele ya wageni kwa kulazimishwa na baba yake, alikuwa ameketi wima, na hakuniuliza hata mara moja wamesema nini.